Cheti cha Fadhiya

Kibokoni, Mji wa Kale
Mombasa
Jumatatu, 5 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Nakushika mguu. Najua utashangaa kukuta karatasi ndani ya mfuko wa leso badala ya kusikia sauti yangu, lakini kosa ni la dada yako. Ujumbe wa sauti niliokutumia mwezi uliopita, Mama Mdogo aliufungulia jikoni mbele ya wageni, na kesho yake jirani yenu wa huko Lamu, ambaye hata simjui, akanipigia kunipa dawa ya kichefuchefu. Simu yako haina mlango. Kuanzia leo mambo yangu nitakuandikia na kuyapeleka kwa wakala wa basi, nawe unijibu hivyo hivyo. Ukishasoma, chana.

Mimba imetimiza wiki kumi na tatu. Imevuka pale zilipokomea zile mbili za kwanza, na bado naogopa kulisema hilo kwa sauti.

Kliniki nilipokelewa na Daktari Mwikali, mwanamke mpole mwenye mikono baridi. Alinipima kwa mashine ya picha, akawa anatafuta unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto. Kisha nikatolewa damu ikapelekwa Nairobi. Vyote viwili, pamoja na umri wangu, hutiwa kwenye kompyuta nayo hutoa hesabu. Yangu imetoka moja kwa sitini na mbili. Maana yake, katika wanawake sitini na wawili wenye majibu kama yangu, mmoja atazaa mtoto mwenye kromosomu ya ziada, ile hali ya Dauni. Watoto hao huchelewa kutembea na kusema, na wengi wao moyo huwa na tundu.

Aliyenisindikiza ni Bi Zarina, tajiri yangu wa duka la mapazia, maana Mzamil, mume wangu, akinusa dawa ya hospitali hukimbilia nje. Bi Zarina alikaa pale na rida yake ya waridi, lile vazi refu lenye mtandio wake, akamhoji daktari kama anayekagua jora la kitambaa. Nusu ya haya ninayokuandikia ni yeye aliyeyauliza.

Hesabu hiyo si jibu, ni shaka tu. Kujua kwa hakika ni mpaka nichomwe sindano tumboni, wavute maji ya chupa ya uzazi wayapime. Nimepangiwa Jumatano tarehe 28. Sindano hiyo, kwa mara chache sana, huweza kuharibu mimba. Kwa mwengine uchache huo si kitu. Mimi mimba mbili zimenitoka, na neno "chache" limeshaniuma.

Daktari amesema kinachonipandishia hatari zaidi ni umri. Arobaini, mama! Wote niliosoma nao wana thelathini na sita, nami kwa kuwa nilicheleweshwa shule na ile pumu (ambayo siikumbuki hata siku moja) nimebaki kuwa bibi yao.

Ameuliza na jambo jengine: katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuzaliwa hivyo? Upande wa Mzamil hakuna. Upande wetu ujuzi umebaki kwako, baba keshatangulia. Nijibu haraka.

Mwanao,
Fadhiya

Samaki wa ng'onda usinitumie. Harufu yao naisikia tangu hawajatoka stendi ya Mokowe.


Lamu
Ijumaa, 11 Mfungo Pili (9 Mei 2025)

Mwanangu Fadhiya,

Marahaba, Mungu akuweke. Barua yako nimeisoma msalani, maana ndiko pekee nisikofuatwa na watu, na nimeichana kama ulivyoniagiza.

Swali lako la ukoo, jibu ni hakuna. Kwetu hakuna, na kwa marehemu Jamaldin, baba yako, hakuna. Mwambie daktari hivyo.

Hiyo sindano mimi siipendi. Mtoto ametulia mahali pake, ya nini kumbishia hodi kwa chuma? Hizo hesabu za kompyuta nazo zisikutie hofu. Kompyuta hujibu kile ilichoambiwa. Wala usijitie uzee, wewe bado kijana, nakwambia mimi niliyekuzaa.

Nimekutumia achari ya ndimu na mikate ya mofa. Ng'onda nimewaacha, ingawa walikuwa wazuri. Mwambie Mzamil akuinulie ndoo za maji, asikae barazani kupiga randa vitanda vya watu huku mkewe anabeba. Kula, lala mapema, na usisikilize kila la Bi Zarina.

Mama yako,
Sheikha


Kibokoni
Jumatano, 14 Mei 2025

Mama,

Achari imekwisha kwa siku mbili, na nusu ameila Bi Zarina uliyenikataza kumsikiliza. Amekusalimu sana.

Jibu lako nimelipeleka. Daktari Mwikali aliandika mbele ya macho yangu: ukoo wa mama, hakuna. Kwa hivyo hesabu imebaki ile ile, na tarehe 28 imebaki pale pale.

Mimi na Mzamil tumegombana. Si ugomvi wa kurushiana sahani, lakini kwa mtu asiyepandisha sauti hata akijigonga nyundo kidoleni, ulikuwa mkubwa. Sindano haitaki. Aliniambia, "Mngu akimpa mtoto hiyo moja ya ziada, mtoto huyo yuwampa nani? Yuwanipa mimi. N'tamrudisha wapi?" Nikamwambia wasema hivyo kwa kuwa tumbo si lako. Akachukua patasi yake akatoka, na chakula cha mchana hakukigusa.

Kila mtu ananiuliza kwa nini nataka kujua. Nawajibu kwamba nataka kujiandaa, nizae mahali penye daktari wa moyo, nisome, nizoee. Hilo ni kweli. Si kweli yote, lakini iliyobaki hata kwako siiandiki.

Nitakwenda, mama. Naogopa kuipoteza hii kwa mkono wangu mwenyewe, maana zile mbili ziliondoka zenyewe, hakuna aliyezifukuza. Hii ikiondoka kwa sindano nitajua ni nani. Lakini miezi sita ya kukaa na shaka tumboni siiwezi. Niombee dua.

Fadhiya


Lamu
Jumamosi, 26 Mfungo Pili (24 Mei 2025)

Mwanangu,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezitia motoni. Umebakiwa na siku nne uende kwenye sindano, na mimi najua jambo ambalo ningekwambia tangu barua yako ya kwanza kama ningekuwa mtu wa maana.

Wewe huna miaka arobaini. Una thelathini na sita. Ulizaliwa Januari 1989, nyumbani kwetu Kuze, huko Mombasa, mikononi mwa mkunga. Cheti hatukukuchukulia wakati ule. Ulipofika kuingia shule kikatakiwa, baba yako akaenda ofisini. Wakamtaka cheti chake, cha babake, barua ya chifu na mashahidi wawili. Unajua watu wetu wanavyosumbuliwa kila waombapo karatasi, huulizwa babu zao walitoka wapi ilhali makaburi ya babu zao yako huko huko mjini. Alikwenda na kurudi miezi mitatu. Mwisho karani akaandika 1985, na baba yako kwa kuchoka akachukua hivyo hivyo, akaona mradi mtoto asome.

Pumu hukuwa nayo. Tuliizua ili walimu wasiulize kwa nini msichana wa miaka tisa ni mdogo kama wa sita. Kisha uongo ukazoeleka, ukawa ndio kitambulisho chako, ndio cheti chako cha ndoa, na mimi nikaona aibu kuurudia.

Nenda kwa daktari kabla ya hiyo Jumatano, umwambie umri wako. Kama ni umri ndio unaokupeleka kwenye sindano, basi usichomwe kwa miaka isiyokuwa yako. Niwie radhi, mwanangu.

Mama yako


Kibokoni
Alhamisi, 29 Mei 2025

Mama!

Mfuko wako ulifika Jumatatu, nikauacha kwa wakala na chakula chake, nikakimbia kliniki na barua tu. Daktari Mwikali aliisoma yote. Alisema tangu aanze kazi amewaona wanawake wanaojipunguzia miaka, aliyeongezewa ndiyo mara ya kwanza. Akafuta arobaini, akatia thelathini na sita. Picha ile ile, damu ile ile.

Imetoka moja kwa mia na tisini.

Mstari wao ni mia na hamsini. Niko upande wa salama. Amesema sindano sasa si lazima, ingawa nikiitaka bado ipo. Nikamwambia siitaki. Akaniuliza mara mbili kama kuna lengine lolote la kurekebisha kwenye fomu, nikamwambia mara mbili hakuna. Jana, siku yenyewe ya sindano, nilikaa dukani nikashona mapazia ya bibi arusi na nikaimba mpaka Bi Zarina akanitaka ninyamaze, wateja wanasikia.

Mzamil amecheka mpaka akaketi chini. "Kumbe nimeozwa mke mpya!" Tumepatana.

Nilikukasirikia, sikufichi. Kutoka kliniki mpaka Makadara nilikuwa natembea nikikusema peke yangu njiani kama mwendawazimu. Miaka minne ni mingi kumnyima mtu. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha, maana nilijua umeandika kwa shida, na ungeweza kunyamaza. Umeniokoa, mama. Mtoto huyu akizaliwa nitamwambia hivyo, kwamba bibi yake alimwokoa kwa barua.

Mwanao wa miaka thelathini na sita,
Fadhiya


Kibokoni
Jumatatu, 28 Julai 2025

Mama,

Miezi miwili sasa naletewa mfuko wa chakula usio na neno ndani. Mwanzo nilidhani barua imeanguka. Nikapekua mpaka ndani ya mikate. Simu ukipokea unasema "mzima, mzima" kisha unampa Mama Mdogo. Nimekukosea nini?

Mtoto ni wa kike. Wiki ya ishirini na tano, na mateke yake ni ya mtu mwenye haraka.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lengine. Nilitaka mtoto akizaliwa, kwenye cheti chake mama yake awe na umri wa kweli. Nikaenda ofisi ya vyeti kuuliza namna ya kusahihisha mwaka. Nilimkuta afisa mmoja mtu mzima, Bwana Baya, mstaarabu. Akakitazama cheti changu, akaniuliza nilizaliwa lini na wapi. Nikamwambia kama ulivyoniandikia, Januari 1989, nyumbani Kuze, kwa mkunga.

Akanigeuzia cheti nikisome. Mama, cheti hiki nimekitia kwenye plastiki tangu darasa la kwanza, nimekitoa na kukirudisha mara mia, na sijawahi kukisoma zaidi ya jina na tarehe. Kinasema tarehe 17 Machi 1985, ile ninayoijaza kwenye kila fomu; ulipoandika Januari nilidhani karani alikosea na mwezi. Kinasema hospitali. Bwana Baya akaniambia, "Karani hukosea mwaka, hilo nimeliona. Lakini hapa siku si yako, mwezi si wako, mwaka si wako na mahali si pako. Bi, huyu si wewe. Huyu ni mtu mwengine mwenye jina lako na wazazi wako."

Niliondoka bila kuaga. Nilipita Ngome ya Yesu, wauza vinyago wakaniita kama mgeni.

Ni nani, mama?

Fadhiya


Lamu
Alhamisi, 20 Mfungo Tano (14 Agosti 2025)

Mwanangu,

Ni dada yako.

Alizaliwa siku hiyo iliyoandikwa, hospitali, na nyanya yako mzaa baba ndiye aliyemwita Fadhiya. Aliishi miaka miwili na miezi saba. Ulipozaliwa wewe tukakupa jina lake. Ulipotakiwa cheti na baba yako akachoka kuzungushwa, alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa cha dada yako. Jina moja, baba mmoja, mama mmoja. Kifo chake hatukuwa tumekiandikisha, kwa hivyo serikalini alikuwa bado hai. Hakuna karani aliyekosea. Yule nilimsingizia.

Na alikuwa na hali hiyo hiyo uliyoniuliza.

Siku ya pili daktari alinifungulia mkono wake akanionyesha mstari mmoja uliokata kiganja, akanionyesha macho, akanieleza. Baba yako alilia kisha akaacha. Mimi sikulia. Mimi niliona haya. Nakuandikia neno hilo kama lilivyo, kwa sababu nimelitafutia neno lengine miaka arobaini na sikulipata. Nilimwonea haya mtoto wangu.

Nilimficha, Fadhiya. Hilo ndilo linalonikaba, si cheti. Watu wakija kumtazama nilisema amelala. Kwenye arusi sikwenda naye hata moja. Alipoanza kuketi nilimketisha chumba cha ndani, ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Alikuwa mcheshi. Alikuwa akisikia kikombe kinalia tu anacheka. Siku moja alitambaa mpaka ukumbini kwenye wageni, akawashika magoti mmoja mmoja, akawachekea. Nilimnyanyua nikamrudisha ndani na nikamfinya. Alilia kwa kushangaa zaidi kuliko kuumia, kwa kuwa alikuwa hajui kufinywa ni nini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, lakini hilo si udhuru. Wanawake wa miaka ishirini na mbili hawafinyi watoto wao kwa sababu wamecheka.

Alikufa Oktoba 1987, kwa kifua na moyo. Alizikwa alasiri. Kuna majirani walionipa pole wakidhani nimezaa mfu, hawakujua kama nyumbani mwetu mlikuwa na mtoto. Nami sikuwasahihisha.

Uliponiuliza kama katika ukoo kuna mtu, nilikuwa na kalamu mkononi na nafasi ya kutosha kwenye karatasi. Nikaandika hakuna. Kisha sindano ilipokaribia nikakupa ile nusu inayonisitiri, nikabaki na nusu nyengine. Ukaniandikia kwamba nimekuokoa. Barua hiyo sikuichana, naisoma kila nikitaka kujiumiza. Ndiyo maana chakula kilikuja bila neno. Nilikuwa sina neno la kweli, na la uongo nimechoka kukuandikia.

Nenda umwambie daktari. Usinisitiri.

Sheikha


Kibokoni
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Mama,

Nimemweleza Daktari Mwikali. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Amesema watoto wengi huzaliwa hivyo kwa bahati tu, si kwa urithi. Wachache hutoka kwenye ukoo, na mwanamke anaweza kuibeba hali hiyo mwilini bila kujulikana mpaka azae. Amenitoa damu ili aone kama mimi ni mmoja wa hao. Majibu ni wiki nne. Kuhusu mtoto, sindano bado yawezekana, lakini niko wiki ya ishirini na tisa, nikamwambia aniache. Kujua sasa ni kwa nini?

Siku zangu za kuamua zilikuwa tatu, nne, mwezi Mei, na nikazimaliza nikiwa nimeshika nusu ya neno. Niliimba, mama. Unakumbuka nilikuandikia kwamba niliimba?

Na kuna hili ambalo silimezi. Wewe ulimkana huyo mtoto, haya, ni wako na utajibu mwenyewe. Lakini ulinifanya na mimi nimkane. Daktari aliniuliza mara mbili, nikasema hakuna mara mbili. Nilikuwa nimesimama pale na jina lake, na cheti chake kwenye mkoba wangu, nasema hakuna.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Fadhiya wa pili


Lamu
Jumamosi, 20 Septemba 2025

Mwanangu,

Umenikataza, nami naandika mistari michache tu. Leo jikoni nimemwambia dada yangu na wakwe zake kwamba kabla yako nilikuwa na binti. Nimewaambia alivyokuwa na nilivyomfanya. Mmoja aliinuka akatoka. Najua hili halikusaidii kitu wewe.

Mfuko hauna chakula. Sikutaka udhani naununua msamaha wako.

Mama yako


Kibokoni
Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Mama,

Mjukuu wako amezaliwa Alhamisi tarehe 23, kilo mbili na nusu. Mzamil amemwita Fariha.

Ana hali hiyo. Nilijua kabla ya yeyote kusema, mara tu alipofumbua macho.

Majibu ya damu yangu yalirudi mwisho wa Septemba, nikakaa nayo bila kukuandikia. Mimi sibebi kitu. Dada yangu alikuja kwa bahati yake, na Fariha amekuja kwa bahati yake. Daktari Mwikali ameniambia waziwazi kwamba mmoja kwa mia na tisini ni mmoja, na lazima azaliwe na mtu. Kwa hivyo ulichonificha hakingebadilisha hesabu. Kilichoibadilisha ni umri, na umri uliniambia kweli. Ningebaki na uongo wenu wa arobaini ningechomwa sindano, na ningejua. Nimetafuta pa kukushika ili nikukasirikie sawasawa, mama, na kila ninaposhika panaponyoka.

Sasa yangu. Mwezi wa tano nilikuandikia kwamba kuna sababu siiandiki. Ni hii: nilitaka kujua ili nikitaka niwe na njia ya kutokuwa naye. Mzamil hajui. Sijui kama ningeifuata njia hiyo, labda ningerudia mlangoni. Lakini alipowekwa kifuani mwangu, bado ana damu, ananitazama, nilisema moyoni: laiti ningechomwa ile sindano. Nilisema hivyo huku akinitazama. Wewe ulimfinya wako mara moja. Mimi sijui hili langu niliite nini.

Na halikuishia hapo. Siku mbili nilimfunika uso. Bi Zarina alikuja na supu, akanyoosha mikono ampakate, nikamwambia mtoto amelala. Maneno yale yale, mama. Miezi miwili nilikuwa nimekulaumu kwa maneno hayo, kisha yakatoka kinywani mwangu bila hata kusita. Aliyemfunua ni babake. Alikuja na vumbi la mbao nguoni, akaondoa leso, akasema, "Mpe mwanangu hewa," na akampeleka mwenyewe barazani kwa watu. Mimi nilikaa ndani nikasikia wakimpongeza, na nikalia kwa haya, safari hii haya zangu mwenyewe.

Daktari wa watoto amesikia sauti kwenye moyo wake. Alhamisi hii ataonwa na daktari wa moyo, na huyu wa watoto ametaka kujua dada yangu alianzaje kuugua. Alianza lini kuchoka akinyonya? Midomo ilibadilika rangi akiwa na miezi mingapi? Kikohozi kilitangulia au kilifuata? Nilimwambia sijui. Hakuna karatasi hata moja mjini yenye majibu hayo, si ofisini kwa Bwana Baya wala hospitali. Yako kwako tu, na mimi nilikuwa nimekukataza kusema.

Ningekupigia simu, lakini haya kwa sauti siyawezi. Barua itakufika kesho. Panda basi la Jumatano asubuhi, Mzamil atakungoja stendi.

Sijakusamehe. Sijui lini, na mimi mwenyewe sina wa kunisamehe mpaka huyu akue anielewe, kama ataelewa. Leo alinyonya kidogo, akaacha, akalala, jasho limemjaa kwenye paji la uso, nami nikamtazama nikawa sijui kama ule ni usingizi au ni ugonjwa. Wewe ungejua.

Njoo unifundishe mwanangu.

Fadhiya